Yaani, kiukweli, si ndiyo? Mwongozo kamili wa kuondoa maneno yanayokera katika mazungumzo yako

Mara ya kwanza kujisikiliza nikizungumza nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nimerekodi maelezo ya dakika 12 ili niyaandike baadaye, na kila nilipobonyeza kusikiliza, mtu fulani mwenye sauti ya kubabaika alisema "yaani". Nikachukua kalamu, nikahesabu. Zilikuwa 41. Nyingine zilikuwa zimebebana mgongoni: "yaani, unajua, yaani ni kama vile, yaani…" Na miezi yote hiyo nilikuwa nikimcheka mwenzangu wa kazini aliyefunga kila sentensi kwa "umenielewa?". Nyani haoni kundule.

Tangu hapo nimejaribu njia nyingi za kuusafisha ulimi, wangu na wa watu walioniomba msaada. Nyingi hazikufaa. Kubwa nililojifunza ni kwamba neno linalokera haliji mdomoni bure. Lina kazi linayokufanyia, na ukilifukuza kabla ya kujua kazi hiyo, litarudi usiku kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye hatua ya pili kuliko hatua nyingine zote.

Jambo moja kwanza, tusije tukaumizana. Sizungumzii lafudhi. Mtu anayesema "kura" mahali pa "kula", au ambaye "dh" yake inatoka kama "z", amebeba sauti za lugha ya mama yake, na hilo halina uhusiano wowote na uvivu wa ulimi. Anayekerwa na lafudhi ya mwenzake ana tatizo lake mwenyewe. Hapa tunashughulika na mazoea: maneno tunayoyarudia bila kuyasikia, na misimu tunayoitupa mahali pasipo pake.

Hatua ya 1: Jirekodi, kisha andika neno kwa neno

Usianze kwa kuwauliza watu "nina neno gani linalokera?" Watakuonea haya au watakutajia lile linalowakera wao. Anza na kinasa sauti cha simu.

Rekodi mazungumzo halisi ya dakika 15 hivi, na mwambie unayezungumza naye kwamba unarekodi na kwa nini. Kusoma maandishi kwa sauti hakutakusaidia, kwa sababu msomaji hana pengo la kujaza. Hadithi ya jambo lililokupata wiki hii inafaa. Maelekezo ya namna ya kufanya kazi unayoijua yanafaa zaidi, maana hapo akili inatafuta mpangilio huku mdomo ukiwa umeshaanza safari. Dakika mbili au tatu za mwanzo zitupe. Muda huo bado unajichunga. Ukishaisahau simu ndipo ulimi wako unapotoka nje ukiwa na nguo za nyumbani.

Kisha fanya sehemu ambayo wengi wanairuka: andika dakika 3 za katikati, neno kwa neno, pamoja na kila "eeh" na kila neno ulilolikata. Kusikiliza tu hakutoshi. Sikio limezoea kuruka maneno haya, ndiyo maana hujawahi kuyasikia, lakini mkono hauwezi kuyaruka. Kazi hii inachosha, na dakika hizo 3 zaweza kukugharimu nusu saa nzima. Vumilia.

Ukimaliza, pigia mstari kila neno ambalo ukiliondoa sentensi inabaki na maana ileile. Hesabu kila moja. Usishangae kukuta kwamba maneno mawili au matatu tu ndiyo yanayobeba karibu hesabu yote.

Hatua ya 2: Jua neno linakufanyia kazi gani

Sasa una orodha. Chukua kila neno na uangalie lilipokaa. Nini kilikuwa kabla yake? Nini kilifuata?

Tuanze na "yaani", maana ndilo mfalme. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "inamaanisha". Kazi yake halali ni kufafanua: "Amechukua likizo bila malipo, yaani mwezi huu hana mshahara." Hapo halina kosa. Lakini Waarabu wenyewe, Waajemi, Waturuki na wazungumzaji wa Kiurdu wanalo neno hilohilo, na kote huko linatumika pia kuziba pengo wakati msemaji anatafuta la kusema. Kwa hiyo usijione peke yako. Katika rekodi yangu, "yaani" za ufafanuzi zilikuwa 5 tu. Zilizobaki 36 zilikuwa mwanzoni mwa sentensi ambazo nilikuwa sijui zitaishia wapi. Neno lilikuwa likinishikia nafasi, kama mtu anayeweka begi kwenye kiti.

Ndugu zake ni "sasa", "halafu", "kwa hiyo" isiyo na sababu wala matokeo, "eeh" ndefu, ile "so" ya Kiingereza inayofungua kila sentensi, na kipenzi cha wengi, "nanihii". Huyu wa mwisho ni fundi wa kila kazi: "Yule nanihii alinipa ile nanihii niipeleke kwa nanihii." Kinachoshangaza ni kwamba ndani ya familia moja watu huelewana kabisa. Mgeni ndiye anayebaki amekodoa macho.

Kundi la pili ni la wanaoomba kushikwa mkono: "si ndiyo?", "umenielewa?", "tuko pamoja?", "sawa?", "au siyo?". Ukikuta haya yamejaa kwenye karatasi yako, huna shida ya kutafuta maneno. Una wasiwasi kwamba msikilizaji amekuacha. Ajabu ni kwamba yanaleta kilekile unachokiogopa. Mtu akiulizwa "umenielewa?" mara kumi ndani ya dakika tano, ama anaacha kujibu, ama anaanza kuhisi anaonekana mjinga. Walimu na wakufunzi ndio wenye ugonjwa huu zaidi, na ninawaelewa: darasa likinyamaza hujui limelala au linafikiri.

Kundi la tatu ndilo linalonikera mimi zaidi, nakiri: viapo na vithibitisho. "Kiukweli." "Kusema kweli." "Haki ya Mungu." "Wallahi." "Kweli tena." Lugha ina "kwa kweli" tangu zamani, na inatosha. "Kiukweli" imeundwa kwa kuchukua "ukweli" na kuubandika "ki-" ya namna, kama tunavyosema "kitaalamu" au "kishujaa". Kisarufi inaweza kutetewa. Watu hawakosei kuunda maneno. Shida ni pale inapofungua kila jibu. "Umekula?" "Kiukweli bado." Je, ungeweza kujibu kiuongo? Anayeapa kwa kila jambo dogo siku ya jambo kubwa hana cha kuongeza. Ukiwa na haya, jiulize unajikinga na nini. Mara nyingi ni mtu aliyezoea kutoaminiwa, au aliyelelewa mahali ambapo neno lake halikutosha.

Kundi la nne ni mapambo. Hapa ndipo tunapokutana na maneno ya mikutanoni na ya vyombo vya habari, ambayo kwa sababu yamevaa suti hakuna anayeyaita misimu. Lakini yanakera kuliko misimu yote ya vijana. Nitayapitia machache, maana yanastahili.

"Suala zima la." Suala zima la elimu, suala zima la usafi, suala zima la wewe kuchelewa. Ondoa "suala zima la" na hutapoteza hata chembe. Wengine huandika "swala zima la elimu", na swala ni mnyama; akiwa mzima ni vizuri zaidi, lakini sijui anafanya nini shuleni.

"Kuweza." "Tumeweza kufika na kuweza kuonana na wenyeji ambao waliweza kutueleza." Kipimo ni rahisi: ondoa "weza" kila mahali. Kama habari haijabadilika (tumefika, tumeonana na wenyeji, wametueleza), basi haikuwa na kazi. Iache pale ambapo kweli kulikuwa na shaka ya kushindwa: "Mlango ulikuwa umefungwa, lakini tuliweza kuingia."

"Mwisho wa siku." Msemo wa Kiingereza uliovalishwa kanzu. Kiswahili kina "hatimaye", "mwishowe", "yote kwa yote". Mtu akisema "mwisho wa siku tutakuwa tumemaliza mradi", mimi husubiri jua lizame.

"Changamoto." Hili nalihurumia. Lilikuwa neno zuri la jambo gumu linalokuamsha upambane nalo. Siku hizi bomba limepasuka ni changamoto, kuibiwa ni changamoto, kutolipwa mshahara ni changamoto. Maneno "tatizo", "shida", "kasoro", "uhaba", "hitilafu" yamekaa kijiweni hayana ajira. Ukijikuta unalisema, jilazimishe kutaja kilichotokea: maji hakuna, wameiba, hatujalipwa.

Na "mimi kama mimi". Ungekuwa mimi kama nani?

Mapambo haya yana kazi gani? Yanakupa uzito unaohisi huna. Mtu anayezungumza mbele ya wakubwa hurefusha sentensi kama anayepanda juu ya kigoda ili aonekane. Tiba yake si kunyamaza kama kwa "yaani". Tiba yake ni kuwa na jambo la kusema na kulisema kwa ufupi, halafu ukavumilia ile hofu kwamba umesema kidogo mno.

Kabla sijatoka kwenye hatua hii, niseme neno kuhusu "-ga": "anakujaga", "tunaendaga", "sipendagi". Wanaolaani kiambishi hiki ni wengi, na Kiswahili sanifu hakikitambui. Lakini hakikutoka hewani. Lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma na Kikuyu zikiwemo, zina kiambishi cha namna hii mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea. Kiswahili sanifu hutumia "hu-": "huja", "huenda". Sasa angalia: "huja" haisemi ni nani anayekuja, lazima umtaje au umtegemee msikilizaji ajue. "Anakujaga" inasema mtu na inasema mazoea kwa pumzi moja. Huyo msemaji alihisi pengo akalijaza. Katika barua ya kazi, mtihani au taarifa, iondoe bila kusita. Nyumbani, mwacheni mtu aseme anavyosemaga.

Hatua ya 3: Chagua neno moja tu

Moja. Lenye hesabu kubwa zaidi, au linalomkera zaidi mtu unayehitaji akusikilize. Ukijaribu kuondoa matano kwa pamoja utazungumza kama anayetembea juu ya mayai, na baada ya siku mbili utaacha. Lipe neno hilo wiki mbili.

Hatua ya 4: Weka kimya mahali pake

Hii ndiyo kazi yenyewe kwa maneno ya kuvuta muda, na ni ngumu kuliko inavyosikika.

Kwa nini tunaogopa kimya? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, uligundua kwamba pengo kati ya mtu mmoja kumaliza swali na mwingine kuanza kujibu ni takriban milisekunde 200 kwa wastani, yaani sehemu ya tano ya sekunde. (Hiyo "yaani" ni halali.) Mazungumzo yanakwenda kwa kasi ya kupokezana kijiti. Ukichelewa kidogo, mwenzako anaona umemaliza na anachukua zamu. Basi ulimi umejifunza kutupa kitu chochote mezani kulinda zamu yako.

Na hata "eeh" si takataka tupu. Mwaka 2002 wanasaikolojia Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha makala wakionyesha kwamba katika Kiingereza ile miguno miwili ya kusitasita, "uh" na "um", hutofautiana: mmoja hutangulia kusita kufupi, mwingine kusita kurefu. Kwa maneno mengine, msemaji anamwarifu msikilizaji: nisubiri kidogo, au nisubiri zaidi. Kwa hiyo lengo lako lisiwe sifuri. Mtu asiyesita kabisa husikika kama tangazo lililokaririwa. Lengo ni kubakiza zile zinazosaidia na kuacha zile zinazorudi kila sekunde tatu.

Zoezi lenyewe liko hivi. Chagua kitu kilicho mbele yako, kiti au kikombe, na ukieleze kwa dakika moja huku simu ikirekodi. Kila unapohisi neno lako linakuja, funga mdomo. Nasema ufunge kweli, midomo igusane. Mdomo ulio wazi utatoa sauti tu. Uliofungwa hauna njia. Vuta pumzi kwa pua, endelea. Sikiliza rekodi. Utagundua kwamba kimya ulichokiona kirefu kama mwaka kilikuwa cha sekunde moja, na kwa msikilizaji kinasikika kama mtu anayefikiri.

Fanya hivyo kila siku kwa dakika tano, na ubadilishe kitu unachokieleza. Siku ya nne au ya tano hamia kwenye jambo lisilo na umbo: eleza kwa nini ulichagua kazi yako, au namna ya kumtuliza mtoto anayelia. Hapo neno litarudi kwa kishindo. Ni kawaida, mada ngumu huongeza kusita.

Kuna hila mbili zinazosaidia. Ya kwanza, fupisha sentensi zako. "Yaani" hukaa kwenye maungio. Sentensi isiyo na maungio mengi haina mahali pa kuikalisha. Ya pili, ukiulizwa swali, usianze kujibu mpaka uwe na neno la kwanza la jibu. Huhitaji jibu lote, ila neno la kwanza lenye maana: jina, mahali, siku. "Kwa nini mmechelewa?" "Gari…" Ukianza na "gari" huwezi tena kuanza na "yaani kiukweli sasa".

Kwa wale wa "umenielewa?", kimya peke yake hakitoshi, maana wasiwasi wako bado upo. Badilisha swali liwe la kweli. Uliza kitu kinachohitaji jibu: "Ungeanza na sehemu gani?" Akikueleza, utajua kama ameelewa, na utakuwa umeuliza mara moja badala ya mara kumi.

Hatua ya 5: Tafuta sikio la mtu mwingine

Rekodi inakuonyesha ulichofanya jana. Unahitaji mtu wa kukuonyesha sasa hivi. Toastmasters, vilabu vya mazoezi ya kuhutubia vilivyoanzia California mwaka 1924, vina utaratibu wa kumpa mwanachama mmoja kazi ya kuhesabu miguno na maneno ya kujazia ya kila msemaji, kisha kuisoma hesabu hadharani mwishoni. Inauma, na inafanya kazi.

Nyumbani huhitaji klabu. Kubaliana na mtu mmoja ishara isiyo na sauti, kama kugusa sikio au kugonga meza kwa kidole. Isiwe kukukatiza kwa maneno, kwa kuwa utapoteza mtiririko na mtaishia kugombana. Kama una mtoto wa miaka tisa au kumi, umepata afisa bora kuliko wote. Hana huruma, hachoki, na atakufuatilia mpaka kwenye simu na wakubwa wako. Weka mipaka mapema.

Hatua ya 6: Misimu ipime kwa msikilizaji

Wataalamu wa Kiswahili huiita lugha hii ya mitaani "misimu", na jina hilo limebeba ukweli wake: huja na msimu, huondoka na msimu. Mengine hayaondoki. "Matatu" inatokana na mapeni matatu, nauli ya zamani. "Daladala" inahusishwa na "dala", jina la mtaani la sarafu. Leo hakuna mwandishi wa habari anayeomba radhi kwa kuyaandika. "Kuchakachua" lilitoka kwenye mafuta yaliyochanganywa na mengine, likapanda mpaka kwenye kura na matokeo, na sasa linasomwa kwenye vichwa vya habari. Kwa hiyo anayesema misimu inaiua lugha asiipande daladala.

Kinachokera katika misimu ni mambo mawili tu, kwa maoni yangu. La kwanza ni kumwacha msikilizaji nje. Ukimwambia mtu "demu alizingua, nikaona noma, nikasepa" naye akabaki anakutazama, umeongea na kioo. Sheng ya kijana wa Nairobi hubadilika haraka mno kiasi kwamba hata kaka yake aliyemzidi miaka kumi anaweza kupotea njia. Ndani ya kundi, huko kutoeleweka na wengine ndiyo raha yenyewe. Nje ya kundi ni ukosefu wa adabu.

La pili ni msimu uliochacha. Mtu mzima anayeshika neno la vijana miaka miwili baada ya vijana kulitupa, akalitumia kila mahali kwa tabasamu la kutafuta urafiki, huwafanya vijana watazame chini kwa aibu. Ukiwa na mashaka kama neno bado linaishi, lina umri wako: liache.

Kabla ya kulitumia neno la msimu mahali pasipo pa marafiki, jipe majaribio haya. Msikilizaji akiniuliza maana, nitaweza kuieleza bila kuona haya? Neno hili likiandikwa chini ya jina langu, nitalitetea? Na kuna neno la kawaida linalofanya kazi ileile? Kama lipo, tumia hilo. Kama halipo, na hutokea kwamba halipo, tumia la msimu bila kuomba msamaha.

Namna ya kumwita mtu nayo imo humu. "Mkuu", "boss", "kiongozi", "mwamba", "mtu wangu". Kwa rafiki ni utamu. Kwa mtu usiyemjua, hasa unapomwomba jambo, husikika kama kumpaka mafuta. Na "mambo vipi" kwa mtu wa rika la mama yako si salamu. Shikamoo haijawahi kumchubua mtu ulimi.

Hatua ya 7: Vidole navyo vina mazoea

Nitapita haraka. Zamani ujumbe wa simu ulikuwa na kikomo cha herufi 160, na kufupisha kulikuwa kubana matumizi: "cjui" kwa "sijui", "2po" kwa "tupo". Ilikuwa na akili. Lakini "xaxa" ina herufi nne na "sasa" ina herufi nne. "Xawa" na "sawa" vilevile. Hiyo haikuwahi kuokoa kitu, ilikuwa urembo. Urembo si dhambi, ila usiuvae kwenye ombi la kazi.

Ukitaka kujirekebisha kwenye maandishi, fungua ujumbe wako 20 wa mwisho uliomtumia mtu usiyemzoea, na uusome kana kwamba umetumiwa wewe. Ujumbe wa sauti usikilize pia kabla ya kutuma, angalau wiki moja. Ule wa dakika nne unaoanza na "eeh, sasa, nilikuwa nataka kusema kwamba" huenda ukageuka kuwa mistari miwili ya maandishi.

Hatua ya 8: Na ulimi wa wengine je?

Mtu akishaanza kusikia "yaani" zake, husikia na za kila mtu, na anakuwa kero mpya nyumbani. Nilipita hapo. Kwa wiki kadhaa sikuwa nasikia watu wanasema nini, nilikuwa nahesabu.

Kabla hujamsahihisha mtu, jiulize kama kinachokukera ni neno au ni yeye. Neno lilelile likisemwa na mtu unayempenda huliita mtindo wake. Kama bado unaona ni neno, angalia kama lina madhara: je, linamnyima kazi, linawachosha wanafunzi wake, linawafanya watu wasimsikilize? Kama halina, nyamaza.

Kama lina madhara, mwambie faragha, mara moja, na umpe ushahidi badala ya hukumu. "Una 'si ndiyo' nyingi" ni hukumu. "Leo kwenye kikao nimesikia 'si ndiyo' mara nyingi ulipofika kwenye hesabu; nadhani pale ndipo ulipokuwa na wasiwasi" ni msaada, na unamwonyesha mahali pa kuanzia. Aliyekuzidi umri au cheo usimwambie kabisa mpaka akuulize. Unaweza tu kumrahisishia kwa kumtazama usoni na kutikisa kichwa anapozungumza. Mwenye kuomba uthibitisho akiupata kwa macho, huacha kuuomba kwa mdomo, na hii nimeiona ikifanya kazi ndani ya mazungumzo mamoja.

Baada ya wiki nne

Jirekodi tena, mada ya aina ileile, urefu uleule, halafu andika dakika 3 na uhesabu. Linganisha na karatasi ya kwanza. Tarajia kupungua, si kutoweka. Na angalia maneno ambayo hayakuwepo mwanzoni, maana ile kazi haijaondoka na huenda imepata mfanyakazi mwingine.

Mimi nilipojirekodi mara ya tatu, tena kwa dakika 12, "yaani" zilikuwa 6. "Sasa" zilikuwa 29.